Chungu Nilichokizamisha Ziwani

Leo nimeaibika mchana kweupe. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa habari na Zaituni, maana yeye akisimulia ataongeza chumvi. (Ingawa ya leo haihitaji chumvi.)

Kwa ndugu mlio mbali: timu yetu ya Mgebuka hapa Ujiji haina tajiri. Ni ya sisi wanachama wenye kadi. Kocha tunamchagua sisi, jezi tunachagua sisi, na kuna mwaka tulibishana kutwa nzima juu ya rangi ya soksi. Kwenye kamati kuna kiti kimoja cha mwakilishi wa mashabiki. Hicho kiti nakitaka. Sijawahi kutaka kitu namna hii, ukimtoa mke wangu. Nimeshagombea, nikaanguka, nikagombea tena, nikaanguka tena. Leo nikasema ni leo.

Uchaguzi ulipangwa baada ya mechi, palepale uwanjani, kwa mtindo wetu wa siku zote. Wagombea mnasimama, wanachama wanajipanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Hakuna siri. Anayekukataa unamwona kwa macho yako, na kesho analeta suruali umpunguzie kiuno.

Mpinzani wangu Bi Zaituni anauza dagaa na ndiye anayetuanzishia nyimbo. Sauti yake nadhani ng'ambo Kongo wanaisikia. Mimi fundi cherehani, sauti sina. Kwa hiyo nikagombea kwa ulinzi. Watu wa mpira wa huku mnatujua, mechi haianzi mpaka mtu akague kama wageni hawajafukia kitu golini. Nikawaambia wanachama, nichagueni mimi, goli letu halitachezewa. Walinipigia makofi jamani. Nililala vizuri.

Wageni wenyewe walikuwa timu ya wakimbizi wa Burundi, wamepata kibali cha kutoka kambini. Tena si wageni sana. Ule mwaka maboti yalipokuwa yanashusha watu, sisi Mgebuka ndio tuliokuwa pale ufukweni, tunabeba mizigo, tunagawa uji. Watu wetu kabisa. Lakini mpira ni mpira.

Nimefika uwanjani mapema, jembe begani (ndiyo, nilibeba jembe, niacheni). Nazunguka goli la upande wa ziwa, naona bibi mmoja wa kwao ameinama nyuma ya nyavu. Anafukia. Anashindilia udongo kwa kiganja, taratibu, huku midomo inacheza. Akainuka, akajifuta mikono, akaondoka zake kuelekea mitaani.

Moyo ukaniruka. Kwa furaha! Nikasema kiti hicho hapo.

Sikufukua kimyakimya kama mtu mwenye akili. Niliita watu kwanza. Niliwaita wote, na mwenyekiti wetu Mzee Ramadhani nikamvuta mkono asogee aone vizuri. Nikapiga jembe. Udongo wa moto. Chini majivu. Chini ya majivu chungu, kimefunikwa majani ya mgomba, kimefungwa kamba, na pembeni ya majani kinatoka kitu chekundu.

"Damu," nikasema. Watu wakarudi nyuma.

Mzee Ramadhani akashauri tungoje, tuwaulize wenyewe. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba mambo haya hayaulizwi. Nikavua shati, nikakizungushia kile chungu kisinichome, nikakimbia nacho ziwani, mashabiki nyuma yangu wanaimba jina langu. Hata Zaituni aliimba. Nikaingia mpaka maji ya kiuno, nikakirusha kwa nguvu zangu zote. Kikapasuka kwenye jiwe, wekundu ukatanda juu ya maji, watu wakashangilia kama tumechukua kombe.

Nikaanza kunawa. Haitoki. Nasugua na mchanga, inazidi kuteleza. Nikanusa vidole.

Jamani, mimi nimezaliwa Ujiji. Nimekuzwa kwa mawese. Mama yangu alikuwa hapiki kitu bila mawese. Na ndiyo harufu iliyokuwa mikononi mwangu, mawese na kitunguu, na tumbo langu likaanza kunguruma palepale bila aibu.

Nikageuka. Yule bibi amesimama kwenye mchanga, amebeba sahani kichwani, rundo zima, kumbe alikwenda kuziazima kwa mdogo wake aliyeolewa hapa Ujiji. Akatazama shimo. Akatazama ziwa. Akanitazama mimi, sina shati, nimelowa, nimepakaa mafuta mpaka kwenye kidevu.

"Mwananje," akasema polepole, yaani mwanangu kwa Kirundi, "hayo maharage yalikukosea nini?"

Kilichonitoka mdomoni ni "Shikamoo bibi." (Akaitikia. Angeacha tu nife.)

Ndipo tukaelezwa. Anaitwa Bibi Spesioza, kipa wao ni mjukuu wake. Amepika tangu alfajiri, maharage na ndizi, chakula cha timu zote mbili baada ya mechi. Akakifukia kwenye majivu kisipoe na mbuzi wasikifikie. Na ile midomo? Alikuwa anaombea chakula. Walisema kule kambini, watu wa Ujiji walitupokea na uji, safari hii tuwalishe sisi.

Mechi ikaisha sare. Wachezaji wote walitoka na njaa, na wote walinitazama mimi.

Uchaguzi ukafika. Nilitaka kujitoa, Mzee Ramadhani akasema jina limeshapita. Nikasimama. Zaituni akasimama. Watu wakaanza kujipanga, na mstari wa Zaituni ukapita goli, ukapita shimo langu, ukafika majini. Mke wangu alinitazama kwa huruma ya kweli. Halafu akaenda kwa Zaituni.

Nyuma yangu upepo tu. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Mara nikasikia mtu anakohoa mgongoni kwangu. Bibi Spesioza. Ameshatua sahani, amesimama wima kama mwanachama wa miaka yote.

Mzee Ramadhani akamuuliza kwa upole kama ana kadi.

"Sina," akasema. "Ila huyu ndiye aliyenitoa botini kwa mgongo wake, miguu imenivimba, sijiwezi. Hasimami peke yake mimi nipo."

Mimi nilikuwa nimeshamsahau. Nilibeba wengi siku zile. Nikalia, ndugu zangu, mbele ya mpinzani wangu, bila shati. Uwanja mzima ukapiga makofi, ila kura ikahesabiwa batili, hana kadi.

Mheshimiwa Zaituni hakukawia. Palepale akaleta hoja yake ya kwanza: mechi ya marudiano tunawafuata wao kambini, na chakula cha timu zote mbili napika mimi, mvunja chungu. Hoja ikapita bila kupingwa. Mkono wa mke wangu ulikuwa wa kwanza kupanda. Na wangu niliunyoosha, ningefanyaje?

Basi anayejua kupika maharage ya chungu kikubwa anifundishe, nisiaibike mara ya pili. Na tafadhali msicheke. Bibi Spesioza amesema atanisimamia mwenyewe jikoni, nije na mwiko, jembe nilifungie nyumbani.