Jinsi Asenath Alivyomteka Buibui wa Shauri Moyo

Sogezeni vigoda, enyi watu wa Shauri Moyo, nanyi wa mitaa ya Fedha na Lucky Summer mlio mbali. Punguzeni sauti za redio zenu, mpate kusikia habari za Jumapili ile ya mwaka wa tisini na sita, siku Asenath binti Makokha, mwenye digrii mbili na woga mmoja, alipokwenda vitani juu ya kigoda kibovu.

Asenath alikuwa mtafiti katika maabara ya chuo, na azma yake ilikuwa kubwa kuliko majengo yote ya jiji: kuchukua mwilini mwa buibui yale maagizo yanayomwezesha kutengeneza hariri, kuyapandikiza ndani ya bakteria, na kuwafanya bakteria hao wazalishe protini ya hariri kwa wingi, hata siku moja madaktari wapate uzi wa kushonea vidonda ambao mwili hautaukataa. Aliijua protini ile kama mtu ajuavyo sura ya nduguye. Buibui mwenyewe, hata hivyo, Asenath hakuwahi kumgusa. Kila amwonapo humkimbia.

Wiki ile buibui wa maabara walikufa wote, na zamu yake ya mashine ya kusomea yale maagizo ilikuwa kesho yake. Akiikosa, angengoja mwaka mzima. Ndipo asubuhi hiyo akamwona, juu ya mlango wa jirani yake Kathini, aitwaye pia Mama Muoki: buibui mkubwa mwenye tumbo la manjano, ameketi katikati ya utando wake kama sultani barazani. Na chini yake amesimama Kathini, amirijeshi wa usafi, ufagio ameshauinua, kwa kuwa akina mama wa kanisa walikuwa njiani kuja kwake kuomba.

"Mama Muoki, nakusihi, ushushe ufagio," akanena Asenath. "Huyo unayetaka kumuua ni tumaini la waliojeruhiwa."

"Asenath mwanangu," akajibu Kathini, "wageni wangu watapita chini ya hili dude na vitambaa vyao vyeupe. Kama ni tumaini, likatumainie kwenu."

"Kumbuka mkono wa Mzee Kilonzo."

Ufagio wa Kathini ukasita hewani. Mumewe Kilonzo alikuwa mchonga vinyago. Mwaka uliotangulia patasi ilimpasua kiganja, akashonwa, lakini mwili ukaukataa uzi, kidonda kikatunga usaha, na tangu hapo vidole viwili havikunjiki.

"Uzi wa huyu ungemponya?" akauliza polepole.

"Yeye siwezi kumwahidi. Watakaokuja baadaye, huenda. Sijui bado, Mama Muoki, ndiyo maana namhitaji."

Basi ufagio ukawekwa chini, na Kathini akapiga magoti akashika miguu ya kigoda. Asenath akapanda, kopo tupu la siagi mkono wa kuume, kifuniko mkono wa kushoto, jasho likimtiririka kama askari azingiraye ngome. Buibui akainua mguu mmoja tu, na shujaa wetu akaruka chini, akatimua mbio hadi kwenye mfereji wa maji.

"Umekimbia," akasema Kathini.

"Najipanga upya."

Akarudi, akapanda. "Usimwangalie machoni," Kathini akamshauri. "Mwone kama uzi tu." Asenath akafumba jicho moja, akanong'ona sala kwa lugha ya mamaye, akasukuma kopo, akabana kifuniko. Ndani kukasikika mkwaruzo mdogo.

Kilonzo akatoka na kikombe chake cha chai, akalichukua kopo, akainua kifuniko kidogo, akachungulia kwa muda mrefu. "Tumbo lake zuri," akasema. "Huyu ningemchonga."

Kopo la mateka likatobolewa matundu ya kupumulia kwa msumari. Akina mama wa kanisa wakaja wakiimba, wakapita mlangoni wasijue kwamba hapo ufalme umeanguka pasipo damu. Na wazao wetu wasimuliwe kwamba kesho yake, bawabu wa chuo alipomwuliza Asenath amebeba nini, alijibu, "Buibui," na sauti yake haikutetemeka.