Notisi ya Choo na Ufahamu wa Darasa la Nne

Leo nimejuta kufundisha watoto kusoma.

Darasa langu la nne lilikuwa likisoma kama kwaya. "Mama alienda sokoni," wote kwa pumzi moja, safi kabisa. Ukiuliza nani alienda sokoni, wanaimba tena, "Mama alienda sokoni." Ufahamu hakuna. Basi muhula huu nikaleta mtindo wangu (najipenda, mnivumilie). Kila mtoto anakili kitu kilichoandikwa karibu na kwao, akisome polepole, kisha aseme kinasema nini, kwa nini kiliandikwa, na kinamhusu nani.

Asubuhi mkaguzi akaja darasani na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa ameniahidi uongozi wa idara ya Kiswahili mkaguzi akiridhika, kwa hivyo nilivaa tai (ya kuazima).

Nikamwita Akinyi, msomaji wangu bora. Tunaishi ploti jirani huku mtaani Soweto West. Kwao kuna choo kizuri chenye kufuli. Chetu kilijaa zamani, na landilodi, mwenye nyumba, yuko kwake mtaa wa Makina anatuambia tuwe na subira.

Akinyi akasoma bila kukwama, akipumzika penye nukta kama nilivyomfundisha.

"Choo hii ni ya wapangaji wa ploti hii. Wewe mwenye unajua ufunguo unafichwa wapi, wacha."

Hiyo notisi jana jioni haikuwepo. Ningeiona. (Nilipita hapo.)

"Vizuri sana," mkaguzi akasema. "Inasema nini?"

"Mtu wa nje asiingie choo yetu."

"Na kwa nini iliandikwa?"

"Juu kuna mtu huingia kila jioni, na hajawahi kusaidia kuosha."

"Inatosha, Akinyi, keti," nikasema.

"Mwache, mwalimu, anajibu vizuri. Inamhusu nani?"

Akinyi akanitazama kwa huruma. Mtoto wa darasa la nne, ananihurumia mimi.

"Jina haijaandikwa," akasema. "Lakini mwalimu alitufunza, kama jibu haiko kwa maandishi, tutafute dalili."

"Umepata dalili gani?"

"Kufuli huwa na chaki."

Macho yote ya darasa yakahamia kwenye vidole vyangu. Nikaitia mikono mfukoni, jambo ambalo sasa naona lilikuwa kosa. Mkaguzi naye akaangalia mfuko, akaangalia tai, akainama kuandika muda mrefu huku mabega yakimtikisika. Mwalimu mkuu alikuwa anasoma ratiba ukutani kwa makini ya ajabu.

Ripoti imesema watoto wangu wanaelewa wanachosoma kuliko darasa lolote alilokagua. Idara nimepewa. Jioni hii nimepita kwa kina Akinyi, ufunguo umehamishwa.

Kabla hujanicheka, niambie kwanza kwenu choo kiko upande gani.