Mpira Katika Utupu

Jumanne, 5 Agosti 1969
Ieleweke kwa vizazi vyote: leo saa mbili asubuhi, hapa Mabwerebwere, Kilosa, nimegeuza ngozi ya pampu ya baiskeli. Sasa haipulizi. Inanyonya.
Sababu ni mashine mpya ya kusaga ya ushirika. Jumatatu kamati inachagua mwendeshaji: mimi au Melkizedek, ambaye sifa yake ni kuwa na ovaroli. Ovaroli! Mimi nina sayansi. Redio imeeleza habari za vyombo vya mwezini: kule kusiko na hewa, mpira unaomeza mtikisiko hutokwa na mafuta yake, ukakauka, ukakakamaa, na chombo hutetemeka mpaka skrubu zikalegea. Mashine nayo hutetemeka. Mwenye akili ataona uhusiano.

Jumatano, 6 Agosti
Dereva wa lori la Mikumi kanipa kipande cha mpira unaokaliwa na injini. Nimekitia katika chupa ya jemu, nikaziba kwa nta, nikanyonya hewa mpaka mkono ukafa ganzi. Mke wangu Letisia kauliza chupa ina nini. Nikamjibu haina kitu, na hiyo ndiyo kazi yake. Kasema basi aipate, atie mafuta ya taa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimechungulia kupitia kioo. Mpira umekakamaa. Angalau sura yake.
Nimebandika tangazo mlangoni pa ushirika: “Jumapili baada ya ibada, nyuma ya ghala, Ndugu Donati ataonyesha mpira katika utupu. Kinamama wakae mbele.” Wao ndio wasagishaji. Heshima tu.

Jumapili, 10 Agosti
Fedheha!
Vijana wamekuja wameshapanga magoli. Katekista Makarius kaja na blanketi. Nikampa shikamoo. Macho yake yalikuwa kwenye vifungo vya suruali yangu. Yunis, kiongozi wa kinamama, kasimama mbele kabisa, kanipa mgongo.
“Ndugu Donati, mpira tutautazama. Huo utupu kamwonyeshe mkeo.”
Nikainua chupa, nikasema utupu umo humu ndani. Akauliza, bila kugeuka, umeingiaje humo. Blanketi likanifika kabla ya jibu.

Jumatatu, 11 Agosti
Kamati imempa Melkizedek ufunguo. Kwa kauli moja! Yunis kasema ovaroli angalau inafunika.
Wajinga. Lakini kosa nimeliona: ni neno “mpira” lililowachanganya. Tangazo jipya nimeshabandika: “Jumapili ijayo, Ndugu Donati, utupu peke yake.”
Jioni nimepita kuitazama mashine kwa chini. Imefungwa juu ya zege. Haina mpira.