Ukurasa wa Shule na Picha ya Radhiya

Jumatatu, 12 Mei
Leo nimeifungulia shule ukurasa mtandaoni. Wazo langu mwenyewe, mwalimu wa kompyuta! Naibu wa mwalimu mkuu anastaafu, na nafasi ile haiwezi kumwendea mtu asiye na wafuasi. Bi Mwanamkisi wa Kiswahili naye anaitaka. Kanionya kwamba sheria hairuhusu kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wivu mtupu.

Jumanne, 13 Mei
Nimeweka picha ya Radhiya wa Gredi ya Sita, anacheka mbele ya kompyuta. Nimeandika jina lake kamili, kwamba anakaa Wiyoni, na saa anayorudi nyumbani. Uandishi mzuri hauachi mapengo! Watu wameipenda ajabu. Bi Mwanamkisi hakuipenda.

Alhamisi, 15 Mei
Balaa! Jana mtu nisiyemjua aliandika chini ya picha kwamba Ijumaa atafika Mokowe, avuke kwa boti hadi kisiwani kwetu, amngojee Radhiya njiani na zawadi. Nilidhani mfadhili. Nikamjibu: karibu sana!

Asubuhi akaja Bi Raihana, mamake Radhiya. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

“Mwalimu Kamaludin, umempa mtu ndia ya kumfikia mwanangu,” alisema. “Kisha ukamkaribisha.”

Radhiya alikuwa nyuma ya buibui la mamake. Hacheki.

Nikakimbilia kufuta kila kitu. Bi Mwanamkisi akaniuliza nani kaniambia nifute ushahidi. Bahati yangu, yeye alikwisha kuunakili ujumbe na kuupeleka polisi.

Ijumaa, 16 Mei
Alhamdulillahi! Mtu yule kakamatwa gatini Mokowe, kabla ya kupanda boti. Polisi walikuwa wakimtafuta kwa makosa kama hayo. Radhiya yu salama.

Mwalimu Mkuu, Bwana Bakr, kaninyang’anya ukurasa, kampa Bi Mwanamkisi. Na unaibu juu yake! Mimi adhabu yangu ni kuwafundisha wazazi usalama wa mtandaoni. Adhabu? Hilo ni jukwaa!

Jumamosi, 17 Mei
Somo limefana. Nimewaonya wazazi wasimpe mgeni jina, anwani wala neno la siri. Hata Bi Raihana alitikisa kichwa kukubali, shingo upande.

Kurudi nyumbani, ujumbe! Nimechaguliwa Mwalimu Bora wa Usalama wa Mtandaoni Afrika nzima. Waandalizi siwajui, lakini muhuri wao unang’aa. Wanataka nambari ya kitambulisho, neno la siri na picha ya kadi ya benki. Nimetuma vyote. Kadi nimeipiga picha pande zote mbili, wasipate usumbufu.