Vigae Sitaki, Nataka Ngozi

Jumatatu, 7 Julai 2025
Wataalamu wa makaburi ya kale wameingia Nkololo. Wametoka chuo. Mkubwa wao binti, Veronica, kavaa suruali, kashika brashi. Wanataka kujua watu wa zamani walizikwaje. Wakauliza nani anajua. Nani mwingine? Mimi Machibya, darasa la nne, mwandiko wangu unasomeka! Nikawaambia babu yangu Mhoja alizikwa zizini kwake, kakunjwa kama mtu aliyelala, kaviringishwa ngozi ya dume jeusi. Na mimi nataka hivyo hivyo. Ila mwanangu Januarius, katekista, kakataa. Ati nitazikwa makaburi ya kanisa, pembeni ya mama yake, kwenye simenti na vigae. Vigae! Kama bafu la gesti! Nikifa leo nimekwisha. Sasa chuo kikimfukua babu na kuandika, Januarius atabishana na chuo? Akili hii huipati Bariadi yote.

Zizi la babu leo ni shamba la pamba la Mayige, rika langu na adui yangu. Kakubali wachimbe. Anataka aone nikiaibika.

Jumatano, 9 Julai
Wanachimba kwa brashi! Ningewamalizia kwa jembe kabla ya chai. Mchana udongo ukageuka mweusi. Samadi ya zamani. Zizi! Veronica akasema mzee umesema kweli. Nikacheza. Mayige akatema mate.

Ijumaa, 11 Julai
Mifupa! Imekunjwa vilevile. Nikapiga magoti, nikalia, nikaita Guku, Guku, kama tunavyoita babu kwetu. Nikamlazimisha Januarius naye aamkie. Akaamkia. Ndipo dada yangu Kabula, macho mabovu mdomo mzima, akachungulia shimoni. Akauliza mbona kalalia ubavu wa kushoto. Ati mwanaume alilazwa wa kulia, wa kushoto ni mwanamke. Veronica akapima nyonga, akasema bibi yuko sahihi. Mayige alicheka mpaka akakaa chini. Akasema Machibya, lia taratibu, huyo ni mke wa mtu.

Nikamuuliza Kabula, babu yuko wapi basi? Akasema zizi lake lilikuwa kule walikochota moramu ya barabara. Greda lilimzoa zamani.

Kwa hiyo babu yuko barabarani. Nimempitia na baiskeli miaka yote. Sijala.

Jumapili, 13 Julai
Nimepata wazo jingine! Januarius aone kwa macho yake ngozi inavyompendeza mtu. Alfajiri nimechinja dume langu la mwisho. Watu walipokwenda kanisani nikajiviringisha ngozi mbichi, nikavuta kamba kwa ndani, nikajilaza zizini nimsubiri atoke misa. Kumbe misa ya mavuno. Ndefu! Jua likapanda. Nikasinzia. Kuamka, ngozi imekauka. Mkono hautoki, mguu hautoki. Nikapiga kelele. Wakaja ng'ombe, wakanilamba uso, wakaondoka.

Akaja Mayige kuomba nyama. Akanizunguka. Akauliza mbona nimelalia wa kushoto. Halafu akavua kofia, akaniamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, bibi. Akanikata na panga, polepole, huku akiita majirani.

Januarius hakucheka. Alinibeba, akaniogesha kama mtoto. Akasema baba, mama yuko peke yake kule. Kweli mke wangu Justina hakupenda kulala peke yake. Alikuwa anaogopa fisi.

Jumatatu, 14 Julai
Wataalamu wamefukia, wameondoka. Wamemuaga Kabula. Mimi hapana. Kijiji kizima wananiita bibi, hata wa Lalago waliokuja mnadani. Zizini hakuna dume. Nimelala naangalia bati. Nani atanizika nitakavyo? Hakuna. Hakuna hata mmoja.

Mchana nikakaa ghafla kitandani. Kosa nimeliona! Si ngozi. Si jua. Ni ubavu tu! Na dume lenyewe lilikuwa dogo. Mayige ana dume jeusi, pana kama mlango wa godauni. Jioni nakwenda kumwomba, nitasema ni la harusi ya mjukuu. Justina avumilie kidogo.

Safari hii nalalia wa kulia.