Vita vya Acom na Shuka ya Zambarau

Je, mmeketi vizuri, enyi wauza omena wa Busia na waendesha boda wa Tororo, au mwataka habari kuu iwapite mkingali mwatafuta kiti? Basi tegeni masikio, msikie jinsi Acom binti Engole, simba jike wa marobota ya mitumba, alivyopambana na shuka ya zambarau akaishinda, Jumamosi, saa tisa, kabla chai ya kanisani haijachemka.

Siku hiyo palikuwa na mazoezi ya igizo la Lidia, yule mama wa Biblia aliyeuza nguo za zambarau. Maximilla, mwenyekiti wa akina mama, wa upande wa Kenya, ndiye aliyepewa kuwa Lidia. Acom aliombwa shuka tu. Akaitoa, na neno moja alilotaka kusema likamkaa moyoni wiki tatu, hadi siku hiyo.

Shuka ilitakiwa iwe khitoni, vazi la Wayunani wa kale lisiloshonwa mabegani bali hufungwa. Winfred, msichana asomaye Chuo Kikuu cha Busitema, akaongeza kwamba yupo mnyama wa baharini wa jina hilohilo, ndugu yake konokono, mwenye magamba manane mgongoni, ambaye akishika jiwe habanduki.

"Basi huyo aje atushikie shuka," akasema Mwalimu Phillip wa kwaya, aliyeigiza Mtume Paulo.

Kwani pini zilikuwa zimeshindwa vita! Mara ya kwanza shuka iliteleza hadi kiwikoni. Mara ya pili hadi kiunoni, na ashukuriwe Mungu, ndani mlikuwa na blauzi. Mara ya tatu Maximilla alinyoosha mkono kumkaribisha Mtume, pini ikafyatuka, ikamchoma Mtume kidevuni.

"Woi! Nguo gani hii inanikataa mbele ya watu?" akalia Maximilla.

Ndipo akainuka Acom, mwenye vidole vya chuma.

"Sogea, Mama. Hii nguo haitaki pini. Mimi nafunga yeye kama mzigo ya kuvuka boda. Leta maharagwe."

"Maharagwe? Kwani tunapika?"

"Mbili tu."

Akalitia haragwe chini ya kitambaa, pale mbele na nyuma zinapokutana begani, akalisokota likawa kichwa kidogo chenye shingo, na shingo ile akaikaba kwa uzi wa katani mara tano, vile afungavyo pembe za robota lisifumuke njiani. Bega la kushoto. Bega la kulia.

"Ruka."

Maximilla akaruka. Akacheza, akatikisa mabega hadi benchi likalia. Shuka ikang'ang'ania kama yule mnyama na jiwe lake, ikatulia kama Mwamba wa Tororo. Vigelegele vikapaa! Na ikumbukwe pande zote mbili za mpaka, kwamba siku hiyo maharagwe mawili yalizishinda pini kumi na nne.

"Ewe shujaa," akanguruma Phillip, kidevu amekishika, "omba lolote, hata nusu ya ufalme!"

Acom akaitazama shuka yake kwenye mabega ya mwenzake.

"Ufalme sitaki, Mwalimu," akasema. "Mimi nilitaka kuwa Lidia."