Taulo Si Mpaka

Nyumba Na. 11,
Mtaa wa Upepo Mwanana,
Pwani ya Kusini.

Kwa Bi. Gladwell Ruguru,
Meneja wa Mtaa.

Bi. Meneja,

KUH: ILANI YA KUNITAKA NING'OE MIGOMBA SITA KANDO YA BWAWA LA KUOGELEA

Pokea heshima zangu. Mimi ni Misheck Kailemia, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Mitunguu, Imenti Kusini. Huu ni mwezi wangu wa pili humu mtaani, kwa binti yangu Karwirwa, daktari wa meno wa hawa wazee wa Ulaya waliohamia hapa kustaafu. Jana nilipokea ilani yako kwamba nisipong'oa migomba yangu kufikia Ijumaa, kitambulisho changu cha mgeni kitachukuliwa nami nitoke mtaani. Karwirwa aliisoma, akaniambia, "Baba, umeniaibisha hadi kwa walinzi wa lango." Kwa hiyo ninaandika kuitetea migomba, pamoja na jina la binti yangu. Wewe ni mzaliwa wa Embu, kwa wakulima kama sisi. Mambo ya mipaka sina haja ya kukufundisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, nikishuka bwawani kusoma Biblia, ninakuta vitanda vyote kumi na viwili vya kuotea jua vimetandikwa mataulo. Wenyewe hawapo. Bwana Lennart, aliyekuwa dereva wa treni huko Uswidi, hutandika taulo lake la buluu juu ya kitanda nambari nne, kisha hurudi nyumbani kulala hadi saa tano. Nilikaa miaka tisa katika kamati ya wazee wa kupima mashamba, Mitunguu. Katika miaka hiyo sikuona mtu aliyedai shamba kwa kuanika kitambaa juu yake na kwenda zake.

2. Kwa kuwa mtaa hauna baraza la wazee, niliunda moja. Wajumbe walikuwa mimi, Njuki mtunza bustani, na Mama Hanneke wa nyumba nambari tatu, aliyedhani ni mazoezi ya viungo lakini akakaa hadi mwisho. Tulisikiliza kesi ya kitanda nambari nne. Bwana Lennart alikiri mbele ya mashahidi kwamba saa zote hizo huwa amelala kitandani kwake, yaani anamiliki vitanda viwili kwa wakati mmoja. Nilimtoza mbuzi mmoja, kama ilivyo desturi. Alisema mbuzi hana, akaleta bata wa mpira wa wajukuu wake, aliyejazwa upepo. Njuki alinong'ona, "Mwalimu, mpokee tu, supu hana lakini amekuja kwa heshima." Nilikataa. Baraza halipokei upepo.

3. Baada ya hukumu, mpaka lazima uwekwe. Nilimpigia simu mke wangu Angeline, naye akatuma miche sita ya migomba kwa basi. Niliipanda kwenye nyasi, mmoja baada ya kila vitanda viwili, kwa kamba iliyonyooka. Ilani yako inaiita "uharibifu wa mandhari". Bi. Meneja, mgomba huzaa. Mandhari imezaa nini?

4. Hili halihusu mipaka, lakini siwezi kulinyamazia. Nyasi za mtaa huu humwagiliwa maji asubuhi na jioni, hukatwa kila Alhamisi, kisha hutupwa. Hutupwa! Ng'ombe hayupo hata mmoja. Nilimpa Angeline habari hiyo kwa simu. Akauliza, "Baba Karwirwa, watu hao wana mtu wa kuwaombea?"

Kwa sababu hizo ninaomba ilani ifutwe, na migomba itambuliwe kuwa mipaka halali. Vitanda vipimwe upya na kila kimoja kiandikiwe hati. Nyasi za Alhamisi zipelekwe Mitunguu. Zaidi ya yote, taulo lolote lisilo na mtu juu yake liondolewe baada ya dakika kumi. Sheria hii isimpendelee yeyote, awe ametoka Uswidi, Nairobi au Mitunguu, na atakayeomba huruma kwa ajili ya taulo lake anyimwe. Haya ninayasema nikiwa na akili timamu, wala sitarudi nyuma hata nikitolewa langoni na sanduku langu kichwani.

Nisalimie walinzi wa lango, ambao sasa huniita Jaji. Nisalimie pia wapishi, na Mama Hanneke, umwambie kwamba kikao cha pili kitatangazwa na asije na mkeka. Wazazi wako huko Embu uwape salamu za mtu asiyewajua lakini anayewaheshimu kwa malezi yako.

Ni mimi, kwa haki na utaratibu,

Mwl. Misheck Kailemia (Mstaafu)

Baada ya sahihi: Kesho alfajiri ninasafiri kwenda Mitunguu kwa wiki tatu kukagua ndizi. Kama Njuki hana budi kuing'oa migomba hiyo Ijumaa, aing'oe, mradi tu asilikanyage taulo la kahawia lililochukua nafasi ya lile la buluu juu ya kitanda nambari nne tangu Jumanne. Ni langu. Tafadhali asiliguse mtu. Bwana Lennart ameahidi kuligeuza kila asubuhi, ili lionekane linatumika.